Shule Iliyobeba Neno "Ughaibuni" Jinani

Kila asubuhi treni ninayopanda Bukit Panjang, hapa Singapore, kwenda kazini hupita kituo kiitwacho Tan Kah Kee. Kilifunguliwa Desemba 2015, na ukitoka nje unakutana karibu kabisa na shule kubwa iliyokaa kilimani, yenye mnara wa saa. Kwa miaka miwili nilikipita bila kujua kwamba hilo ni jina la mtu. Niliona tu vijana wa sekondari wakishuka na mabegi yao, vitabu mkononi, midomo ikikariri.

Aliyenieleza ni mzee mmoja ninayekaa naye jengo moja. Hapa Singapore mwanamume aliyekuzidi umri kiasi hicho unamwita Anko, hata kama hamna undugu wowote, na mimi mtoto wa Tanga sikuona ugeni katika hilo. Tulizoeana kwa njia ya maneno. Kama wazee wengi wa rika lake, anajua Kimalei cha sokoni. Akiniuliza "apa khabar" nasikia habari. Sabuni yao ni sabun, karatasi ni kertas, dunia ni dunia. Tulianza kwa mchezo huo, tukafika kwenye kahawa ya Jumapili, na Jumapili moja nikamuuliza kuhusu ile shule ya kilimani.

"Nilisoma pale," akasema. Akachukua kalamu, akageuza risiti ya kahawa, akaandika herufi nne polepole, akizisoma moja moja. Huaqiao Zhongxue. Zhongxue ni shule ya sekondari. Hua ni Uchina. Qiao, akasema, ni mtu anayeishi nchi ya watu huku kwao kukimngoja. Kwa hiyo jina la shule, ukilileta kwenye Kiswahili chetu, ni Sekondari ya Wachina wa Ughaibuni. Watu walilifupisha, ikawa Hwa Chong.

Niliirudisha ile risiti nyumbani. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna shule iliyobeba neno letu jinani.

Ilifunguliwa tarehe 21 Machi 1919, kwenye nyumba za Niven Road, na mtu aliyeongoza jitihada hizo ni huyo Tan Kah Kee. Alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Jimei, pwani ya Fujian. Alikuja Singapore akiwa kijana wa miaka 16 hivi kumsaidia baba yake kwenye biashara ya mchele. Baadaye akaingia kwenye nanasi za makopo, kisha mpira, akatajirika sana. Fedha yake ilienda shuleni. Kwao Jimei alijenga shule, Xiamen alianzisha chuo kikuu mwaka 1921, na Singapore akawakusanya Wachina wenzake wachange kwa ajili ya sekondari. Mwaka 1934 kampuni yake ilivunjika kwa mdororo wa uchumi wa dunia. Mkwewe, Lee Kong Chian, akawa miongoni mwa walioibeba shule baada ya hapo. Kilimani Bukit Timah ilikuwa imehamia tangu 1925, na mnara wa saa ni wa mwaka huo.

Lakini kilichonishika mimi ni lugha. Wachina waliokuja Singapore hawakuwa na lugha moja. Walikuwa Wahokkien, Wateochew, Wakanton, Wahakka, Wahainan, na kila kundi lilikuwa na chama chake, mahekalu yake na vishule vyake vilivyofundisha kwa lugha ya nyumbani. Shule hii mpya ilikuja kwa wote, na ikafundisha kwa Kichina sanifu, Kimandarini, ambacho karibu hakuna mtoto aliyekinyonya kwa mama yake. Hata jina la mwanzilishi linasema hivyo: Tan Kah Kee ni Kihokkien, kwa Kimandarini mtu huyo huyo ni Chen Jiageng. Mtanzania haelezwi mara mbili jambo hili. Nyumbani kwa bibi yangu Muheza tulisema Kibondei, shuleni Kiswahili, na hatukuona kwamba kimoja kinamnyima mwenzake pumzi. Sisi pia tulichagua lugha moja ya kutukutanisha, ikatufanya watu wamoja.

Ndiyo maana sehemu inayofuata Anko alipoisimulia ilinigusa mahali pabaya.

Mwanzo wa miaka ya 1950, chini ya Waingereza, vijana wa shule za Kichina walijiona wamefungiwa mlango. Waliweza kusoma hesabu na fizikia kwa Kichina mpaka mwisho wa sekondari, lakini kazi za serikali zilitaka Kiingereza, na chuo kikuu kilichokuwepo kilifundisha kwa Kiingereza. Tarehe 13 Mei 1954 walipoandamana kupinga kuandikishwa jeshini, polisi waliwapiga, na wiki zilizofuata maelfu wakajifungia shuleni. Oktoba 1956 wakakaa tena kambini humo humo kilimani, wakipika na kufundishana, hadi polisi walipowatoa kwa mabomu ya machozi. Ghasia zilizosambaa mjini ziliua watu 13. Siasa za kikomunisti zilikuwemo, hilo halifichiki, na serikali ililisema sana. Ila mimi naona chini yake swali la mtoto wa kawaida: nikimaliza hapa, nitakwenda wapi? Mwaka huo huo wa 1956 kamati ya vyama vyote ilipendekeza shule za lugha zote nne, yaani Kimalei, Kichina, Kitamil na Kiingereza, zitendewe sawa. Na tayari Wachina walikuwa wameanza kujenga chuo kikuu chao, Nanyang, kwa michango ya matajiri na ya waendesha baiskeli za abiria waliotoa pato la siku nzima.

Anko aliingia Hwa Chong miaka michache baada ya ghasia hizo. Anasema alikuwa hodari wa kemia. Alipomaliza akaomba kazi, fomu ikaja kwa Kiingereza, usaili ukawa kwa Kiingereza. "Nilikuwa najua," aliniambia, "lakini nilikuwa bubu." Aliishia kwenye karakana ya binamu yake, akatengeneza mashine za kushonea kwa miaka 30.

Neno hilo, bubu, nililibeba siku nzima. Mimi darasa la saba nilikuwa napokonyana nafasi ya kwanza na mvulana mmoja. Usanisinuru niliweza kuueleza hadi mwalimu akakaa chini: jani, mwanga, maji, hewa ya ukaa. Nikaingia kidato cha kwanza, wiki ya pili mwalimu wa baiolojia akauliza jambo lile lile kwa Kiingereza, nikainua mkono, nikasimama, hakikutoka kitu. Nilikuwa na jibu zima kichwani. Kule nilikosoma, aliyekutwa anasema Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine. Nilikivaa mara nyingi muhula ule wa kwanza. Nilijifunza Kiingereza, ndiyo, na ndicho kinachonilisha huku bandarini. Ila yule msichana aliyekuwa anainua mkono hakurudi upesi.

Wazazi wa Singapore nao walifanya hesabu zao. Mwaka 1959, karibu asilimia 46 ya watoto walioanza darasa la kwanza waliandikishwa shule za Kichina. Mwaka 1978 walikuwa asilimia 11 tu. Hakuna aliyefunga shule kwa nguvu. Watu waliangalia ajira, wakahamisha watoto. Chuo cha Nanyang kikaunganishwa na kingine mwaka 1980, na ilipofika 1987 Kiingereza kilikuwa lugha kuu ya kufundishia katika shule zote.

Hwa Chong ilinusurika kwa mpango maalumu. Mwaka 1979 serikali ilichagua sekondari 9 za Kichina zenye sifa, ikazipa walimu na fedha ili wanafunzi wazimudu lugha zote mbili kwa kiwango cha juu. Tangu hapo ikapanda. Jirani yake kilikuwa kimeshajengwa chuo cha kidato cha tano na sita mwaka 1974. Mwaka 1988 ikawa mojawapo ya shule tatu za kwanza kupewa uhuru wa kujiendesha. Mwaka 1999 mnara wa saa ukatangazwa kumbukumbu ya taifa. Na tarehe 1 Januari 2005 sekondari na chuo vikaungana kuwa Hwa Chong Institution. Leo mzazi wa hapa akikwambia mwanawe amechaguliwa Hwa Chong, unampa mkono wa pongezi.

Shule hii ina doa, na nalisema kwa sababu naipenda habari hii. Kwa kuwa shule za mpango ule zimejengwa juu ya Kichina, mtoto wa Kimalei au wa Kitamil huwezi kumwona kirahisi humo. Shule iliyoanza kwa kuyaleta pamoja makundi yasiyoelewana, leo kijana anaweza kukua ndani yake bila kukaa dawati moja na jirani yake wa kabila jingine. Wenyeji wanalijadili mara kwa mara, na nadhani wana haki ya kutoliacha.

Mjukuu wa Anko anasoma pale sasa, kidato cha tatu. Nilimwona Mwaka Mpya wa Kichina, nilipopeleka machungwa mawili kama desturi inavyotaka. Mezani alikuwa akiongea na wazazi wake Kiingereza, na babu yake Kimandarini. Bibi yake, ambaye hakwenda shule na anajua Kihokkien tu, alimsogezea bakuli la tambi akasema neno. Kijana akamtazama babu yake, babu akafasiri, kijana akaitika kwa kichwa na kumshika bibi mkono. Tangu 1979 serikali iliwahimiza Wachina wote waache lugha za nyumbani, waseme Kimandarini, na kazi hiyo ilifanikiwa.

Wakati wa kuondoka Anko alinisindikiza hadi kwenye lifti. Nilikuwa bado na ile risiti ndani ya pochi, nikamwonyesha ile herufi ya pili, qiao, nikamuuliza kama mjukuu wake naye ni qiao.

"Hapana," akasema. "Huyu kwao ni hapa. Hata mimi si qiao tena." Akaigusa ile herufi kwa kidole, kisha akanielekezea mimi. "Wewe ndiye."

Lifti ikafika. Aliushika mlango kwa mkono, akaniuliza Tanga nitakwenda lini.