Farasi wangu, mikono ya wengine

Tufani ana miaka miwili na nusu, ameshahasiwa, na hakai nami. Anakaa kwenye banda la kulipia, mwendo wa saa nzima kwa gari, pamoja na farasi wa watu wengine wasio na uwanja kama mimi. Nikipata nafasi naenda, nikikosa siendi. Ugumu uko hapo hapo, maana farasi mchanga hufunzwa na kila anayemgusa. Anayemfungulia mlango asubuhi, anayemtilia majani, anayempeleka malishoni, wote wanamfunza, wapende wasipende.

Chukua kamba ya kumwongozea. Unaivuta kidogo, na akisogea hata hatua moja unailegeza papo hapo. Kinachomfunza ni kule kulegeza. Sasa mtu mwenye haraka avute, farasi agome, mtu achoke amwachie: somo limeingia barabara, kwamba kugoma kunalipa. Tufani alianza kunigandia kwenye lango la malisho kama mlingoti. Nikamuuliza mzee anayesimamia banda kulikoni. Akacheka.

"Mwanangu, kijana wa asubuhi ana farasi wengi wa kutoa. Huyu wako akigoma, anamwacha hadi mwisho."

Na wa mwisho hubaki na majani yaliyosazwa na wenzake, ale kwa raha zake. Hata mimi ningegoma.

"Basi mzee, awe anamtoa wa kwanza," nikasema, "na asimwachie kamba kabla hajasogea."

Akakubali, ila naye akanipa sharti: niache kumlisha vitu mkononi, kwa sababu ameanza kuwang'ata mifuko vijana wake. Haki yake. Ukimweka mnyama wako kwa watu, adabu yake inawahusu wao kuliko wewe.

Malezi mengine yanafanywa na farasi wenyewe. Tufani amewekwa malisho moja na jike mzee asiye na subira. Akimsogelea vibaya, jike hulaza masikio nyuma, asipoelewa, anasukumwa. Tangu hapo hata mimi hanivamii tena.

Kila mtu ananiuliza nitampanda lini. Si sasa. Mifupa ya uti wa mgongo wa farasi ndiyo huchelewa kukomaa kuliko yote, hadi apite miaka 5, na juu yake ndipo sisi tunapotaka kukaa. Kisha kuna mdomo. Karibu na umri huu meno ya utotoni ya mbele katikati huanza kung'oka, na ndio umri ambao wengi hukimbilia kuwatia lijamu, kile chuma cha mdomoni, halafu wanashangaa farasi anarusha kichwa. Kumzungusha duara dogo dogo kwa kamba ndefu sitaki pia; viungo vya miguu bado vichanga.

Kwa hiyo tunatembea. Namwongoza kando ya turubai linalopigwa na upepo, tunavuka madimbwi, tunasimama, tunarudi kinyumenyume. Kila jambo nalifanya pande zote mbili, kwa kuwa alilozoea kushoto linaweza kumshtua likija kulia. Ninachokazania zaidi ni kuinua miguu. Fundi wa kwato hupita kila wiki 6 hadi 8, na mara nyingi mimi sipo. Farasi asiyejua kusimama kwa miguu mitatu atafunzwa siku hiyo na mtu mwenye kisu mkononi na foleni ya farasi wengine. Kwa hiyo mguu wa nyuma namshikilia muda mrefu kidogo kuliko anavyopenda, na naushusha akiwa ametulia, si akiwa anaunyakua.

Wiki hii nimeanza kumtandika kitambaa mgongoni. Alikinusa, akakivuta kwa meno, akakiangusha matopeni, akaendelea kula. Mwishoni mwa mwaka ujao, huenda, mtu mwepesi atakaa juu yake kwa dakika chache. Mzee anasema hata huo ni upesi.