Kuvuja kwa tangi la samaki huanzia ndani

Mwanza, Jumapili jioni

Kuna jambo kuhusu matangi ya kioo linalofaa kuandikwa polepole. Silikoni (gundi ya vioo inayogeuka mpira) iliyopakwa ndani ya tangi, maji huikandamiza ishike kioo zaidi. Iliyopakwa nje ili kuziba mahali panapovuja, maji yaleyale huisukuma mpaka ibanduke. Ndiyo maana kiraka cha nje hakidumu hata kikipakwa tabaka tatu.

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Ni saizi inayowafaa furu wa mawe, samaki wa Ziwa Victoria wanaoishi miambani. Nyererei dume, mmoja wa furu hao, mwekundu mgongoni na wa manjano ubavuni, hutaka eneo lake chini ya jiwe na hapendi jirani wa karibu. (Jina ni la Mwalimu, aina hii ilielezwa kisayansi mwaka 1985 kutokana na samaki wa Ghuba ya Mwanza.)

Kioo kiwe cha milimita 12, cha kawaida, si kile kilichoimarishwa kwa moto kiwandani, maana hicho hakikatiki tena. Kitako ni 180 kwa 60. Cha mbele na cha nyuma ni hivyohivyo. Vya pembeni viwili ni 57.2 kwa 60, kwa sababu vinaingia katikati: unatoa unene wa vioo viwili, yaani milimita 24, kisha milimita 2 za silikoni kila upande. Hesabu hii ndiyo inayosahaulika dukani. Kingo zote zisagwe. Ukingo mkali hukata kidole, na vipande vidogo vinavyomeguka huacha tundu ndani ya silikoni.

Juu gundisha mikanda miwili ya kioo yenye upana wa sentimita 8, mbele na nyuma kwa urefu wote, na daraja la kioo la sentimita 20 katikati la kuiunganisha. Maji yakifika kimo cha sentimita 55 hukisukuma kioo cha mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 270 hivi. Nguvu hiyo hutokana na kimo cha maji na urefu wa kioo. Upana wa tangi kwenda nyuma hauiongezi. Bila mikanda, kioo hutuna katikati na maungio hufanya kazi isiyo yake.

Lita 560 za maji, kioo, mchanga na mawe ni karibu kilo 800. Stendi ya skwea paipu ya inchi 2 inatosha ikichomelewa vizuri, juu yake plaiwudi ya milimita 18, kisha sentimita moja ya lile povu gumu jeupe linalofungashia friji. Kwa nyumba zetu za mlimani sakafu haiaminiki. Pima maji fupi hudanganya kwenye urefu huu, lakini mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, haudanganyi. Kabari ziwekwe chini ya miguu ya stendi, kamwe si chini ya kioo.

Silikoni iwe halisi, asilimia 100, ile inayonuka siki inapokauka. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu huua samaki. Kwa hesabu mirija miwili ya mililita 300 inaelekea kutosha. Nunua mitatu, usije ukaishiwa katikati ya mstari. Kingo zisafishwe kwa asetoni tupu na kitambaa kisichoacha nyuzi, na baada ya hapo zisiguswe kwa kidole. Dawa ya kufutia rangi ya kucha si mbadala, maana nyingi zina mafuta.

Kazi ifanywe na watu wawili. Uso wa silikoni huanza kushika ngozi ndani ya dakika 10 hivi, na mstari wa sentimita 180 ni mrefu. Misalaba midogo ya kupangia vigae, ya milimita 2, ikichomekwa nje tu kwenye ukingo, huzuia kioo kuikamua silikoni yote. Maungio yaliyobanwa mpaka silikoni ikatoka yote yanaonekana safi, lakini hayana mpira wa kunyumbuka. Unyevu wa ziwa husaidia silikoni kukauka. Vumbi la kiangazi huiharibu. Na jioni wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa hutua juu ya silikoni mbichi kwa mamia. Malizeni kabla ya giza.

Subiri siku 7. Kisha jaza kwa robo, kila robo ikae saa 12.

Tangi likivuja, kwanza litafute tundu. Tone linaloonekana kwenye kona ya chini huenda limesafiri mita nzima kando ya maungio. Kausha nje, tandaza gazeti, paka unga wa chaki kando ya maungio yote, kisha tazama unga unapoanza kulowa juu kabisa. Njia nyingine ni kufunika tangi kwa nailoni, kuweka alama ya maji na kuyaacha yashuke: yakikoma kushuka, tundu liko usawa huo. Nailoni ni ya lazima, vinginevyo utahesabu mvuke kuwa kuvuja. Tazama pia kupitia kioo kwa tochi. Silikoni iliyoshika huonekana tulivu, bila mng'ao. Palipoachia pana mng'ao kama wa fedha, na mng'ao ukitoka ndani hadi nje, hiyo ndiyo njia ya maji.

Hapa methali ya kuziba ufa haitoshi. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokwisha kukauka, kwa hiyo kupaka juu ya ya zamani ni kutengeneza njia mpya ya maji. Toa maji yote. Kata mstari wote wa ndani kwa wembe, chini na kona zote nne, uachane na silikoni iliyo katikati ya vioo viwili kama bado imeshika. Kwangua mpaka wembe usisikie utelezi, pitisha asetoni, acha pakauke. Bandika tepu ya karatasi milimita 8 kutoka kona kila upande, paka, lainisha kwa kidole kilichovaa glavu kwa mwendo mmoja, na ubandue tepu kabla ngozi haijashika. Siku 7 tena.

Kama mng'ao umeingia hadi katikati ya vioo, wembe wa ndani hautoshi. Kioo hicho kivuliwe na kugundishwa upya.

Maji ya bomba yakae siku mbili klorini ipungue. Ya ziwani yakae siku mbili bila konokono, kwa sababu ya kichocho. Mawe ya granaiti yatangulie kabla ya mchanga, yakalie wavu wa plastiki juu ya kitako, ili furu akichimba jiwe lisianguke.