"Sawa, dada"

Ni saa sita usiku, na tangu Jumatano ile "sawa, dada" ya kijana wetu wa field, mwanafunzi wa mafunzo kazini, haijanitoka masikioni.

Bildi, yaani kugeuza msimbo wa programu yetu kuwa programu inayotumika, ilianza kugoma Jumatatu. Ujumbe uleule kila mara, ruhusa imekataliwa, na inakwama palepale kwenye build, folda inakowekwa matokeo yake. Nikafuta kashe, zile nakala za muda, nikapakua upya vifurushi vyote vya programu mpaka bando likakata. Jumatano mchana kijana akasogeza kiti taratibu.

"Dada, samahani. Kwani hiyo folda ni ya nani?"

"Kompyuta yangu, folda itakuwa ya nani mwingine?"

"Sawa, dada."

Akarudi mezani kwake. Hakununa, na hapo ndipo panaponiuma. Aliitikia kama mtu aliyezoea kujibiwa hivyo.

Jioni, wenzangu wameshakimbilia mwendokasi, nikaandika ls -ld build, amri ya kuonyesha folda ni ya nani na ina ruhusa gani. Ikaja drwxr-xr-x, ndizo ruhusa, kisha root, root: mwenye folda na kundi lake ni root, akaunti kuu ya kompyuta. Ijumaa iliyotangulia, kwa haraka ya kuwahi kikao cha mahari ya mdogo wangu (yamepokelewa, tunashukuru), nilibildi kwa sudo, amri inayofanya kazi kwa jina la root, na kila kilichozaliwa siku ile kikawa mali ya root. Mimi nimeachiwa kusoma na kuingia, kuandika, hapana. Hata kuifuta niligonga mwamba, kwa sababu kutoa faili kunataka ruhusa ya kuandika kwenye folda iliyozibeba. Mwenzangu mmoja alishanishauri nipige chmod 777, yaani kila mtu apewe ruhusa zote, yaishe. Sikukubali na sitakubali: huko ni kulala mlango wazi. Nikapiga sudo chown -R mara moja, amri ya kubadili mwenye folda na vyote vilivyomo, jina langu likarudi, bildi ikapita.

Leo asubuhi nilimpelekea kijana chai na chapati mbili kabla hajawasha kompyuta.

"Ile folda ilikuwa ya root. Uliuliza vizuri, mimi nikakujibu vibaya. Nisamehe, mdogo wangu."

Akacheka uso mzima. Kumbe alijifunzia kwenye kompyuta ya kaka yake, yenye akaunti mbili, na kila siku ilimlazimu kujua kipi chake na kipi cha kaka. Akanionyesha, kidole juu ya kioo, herufi moja moja ya zile ruhusa, na ile x ya folda akaisema vizuri kuliko nilivyowahi kufundishwa: bila hiyo hupiti hata ukumbini. Nimefurahi siku nzima.

Ila Mama hapokei simu tangu magharibi. Jirani anasema Mbagala umeme hakuna toka mchana, labda imezima chaji. Dawa zake za presha ziliisha jana.