Hobbes, Locke na abiria alieamkia melini

Kila uchaguzi ukikaribia huku kwetu Zanzibar, barazani huzuka mabishano yale yale. Mmoja atasema binadamu bila ya mkono wa chuma hatawaliki, mwengine atasema binadamu hana ubaya wowote, watawala ndo wanaomharibu, na watabishana hapo mpaka dele la kahawa likauke. Mie mabishano haya nayapenda sana, mana ndo yale yale waliyobishania wanafalsafa wa Ulaya kina Hobbes, Locke na Rousseau, kwa zaidi ya miaka mia moja tokea wa mwanzo mpaka wa mwisho wao. Lakini kwa nnavoona, hili la kama mtu kaumbwa mwema au muovu tumelipa uzito mkubwa mno. Kuna suala zito zaidi hatuliulizi: nani aliulizwa wakati serikali inawekwa, na ataulizwa lini tena.

Naanza na Hobbes kwa sababu yeye ndo ananisumbua kuliko wote. Kazaliwa 1588, mwaka ambao Waingereza walikuwa wanazingoja manowari za Spain roho mkononi, na mwenyewe baadae akaandika kuwa mamake alizaa pacha, yeye na khofu. Mambo yalipoanza kuchafuka kwao akakimbilia Paris, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza 1642, mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa 1649, na 1651 ndo kikatoka kitabu chake cha Leviathan. Sasa mtu aliyepitia hayo akikwambia kuwa pasipo na dola maisha ya mtu ni ya upweke, ya kifukara, ya kinyama na mafupi, anajua anachokisema. Halafu wengi wanamsoma vibaya, wanadhani hoja yake inataka watu wawe mashetani, wapi! Anasema tu kwamba watu wanakaribiana nguvu, hata mnyonge anaweza kumuua mbabe akiwa kalala, wote wanataka vitu vile vile na hakuna anaemuamini mwenzake, basi hayo yanatosha, kila mmoja atamuwahi mwenzake kabla hajawahiwa. Anakuuliza, wewe ukilala si unafunga mlango? Na sanduku lako si unalitia kufuli hata ndani ya nyumba yako? Na hapo sheria zipo! Kwa hio watu wanakubaliana wao kwa wao, na makubaliano hayo ndo yanaitwa mkataba wa kijamii, wamkabidhi mmoja nguvu zote, na yule mkabidhiwa hakumuahidi mtu chochote, kwa hio hawezi kuambiwa kavunja ahadi.

Sie haya hatuhitaji kuyasoma kitabuni. Kuna wazee mpaka leo ukiitaja Januari 1964, ile ya Mapinduzi, wanabadilisha mazungumzo. Kwa hio mtu akisema amani kwanza mengine baadae namuelewa vizuri, na namuheshimu. Ila kuna Januari nyengine, ya 2001, na sie wa Pemba hatuisahau. Watu waliandamana baada ya uchaguzi wa 2000, wakapigwa risasi, wengine wakavuka bahari wakawa wakimbizi Shimoni, Kenya. Waliouliwa siku ile hawakuuliwa na majirani waliokosa serikali, serikali ilikuwepo, na risasi zilitoka kwa askari wake.

Hapa ndo Locke anapoingia, na jibu lake kwa watu wa aina ya Hobbes mie sijaona la kulishinda. Anasema hivi, kweli watu watakuwa wajinga kiasi hicho, wajikinge na vicheche na mbweha halafu waone salama yao ni kuliwa na simba? Yeye nae alikuwa mkimbizi, alikaa Uholanzi kuanzia 1683 akarudi kwao 1689, na vitabu vyake viwili kuhusu serikali akavitoa bila ya kuweka jina lake. Kwake yeye hata kabla ya serikali watu wana sheria, akili inamwambia kila mtu asimdhuru mwenzake katika roho yake, afya yake, uhuru wake wala mali yake. Tabu iliopo ni kuwa kila mtu anajihukumia kesi yake mwenyewe, na anaejihukumia mwenyewe atajipendelea tu. Ndo tunaweka serikali, tunaiweka kama amana, na ikiikhini amana madaraka yanarudi kwa wenyewe.

Lakini Locke nae siwezi kumpitisha hivi hivi. Mtu huyu huyu alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliokuwa ikiuza watumwa, na alishiriki kuandika katiba ya koloni la Carolina ya 1669, ambayo inasema kila mtu huru ana mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Mie nikipita Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa mpaka 1873, suala linalonijia ni hilo, waliosimamishwa pale kupigiwa bei wao walikuwa kwenye mkataba upi? Sisemi tukichome moto kitabu chake, hoja ya amana ni nzuri hata kama mwenyewe hakuifikisha kwa wote, ila kila ukisikia "sisi wananchi tumekubaliana" uliza kwanza ni akina nani hao sisi, mana wanawake nao waliachwa nje na hawa mabwana wote watatu, na Rousseau ndo kazidi.

Rousseau mwenyewe ntampitia haraka. Mzaliwa wa Geneva, 1712. Anasema mtu wa asili ana huruma, hapendi kumuona mwenzake anateseka, na uharibifu ulianza siku mtu wa mwanzo alipozungushia ua kipande cha ardhi akasema hiki changu na wenzake wakamuamini. Wenye viwanja karibu na fukwe huku Unguja somo hilo hawahitaji mwalimu. Kitabu chake cha mkataba wa kijamii kilitoka 1762 na Geneva kwao kikachomwa moto. Nampenda anapowaambia Waingereza kuwa wako huru siku ya kuchagua wabunge tu, wakishachagua wanarudi utumwani. Simpendi kabisa anaposema asiefuata matakwa ya umma alazimishwe kuwa huru, sentensi hio mikononi mwa mtawala inatisha.

Na kabla ya wote hao, sie Waislamu tulikuwa tushalipokea suala hili toka chuoni. Surat Al-Baqara aya ya 30, Malaika wanauliza, utamuweka humo atakaefanya uharibifu na kumwaga damu? Na ukenda Surat At-Tin unakuta mtu kaumbwa kwa umbo lililo bora kabisa, na aya inayofuata karejeshwa chini kuliko walio chini. Yote mawili yapo kwa mtu mmoja. Mwanahistoria Ibn Khaldun wa Tunis, katika kitabu chake cha Muqaddima alichokiandika 1377, karibu miaka 300 kabla ya Leviathan, anaanzia hapo hapo: mtu peke yake hata chakula cha siku moja hakipati, lazima ashirikiane na wenzake, na wakishakaa pamoja lazima awepo wa kuwazuia wasidhulumiane. Lakini yeye anaona mbali kuliko Hobbes, anasema nguvu ya mtawala inatokana na mshikamano wa watu wake, ukioza mshikamano dola nayo inakufa hata iwe na jeshi. Na khutba ya Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza, baada ya kupewa bai'a, yaani kiapo cha utiifu, nani hajaisikia: nimetawalishwa juu yenu na mie si mbora wenu, nikifanya vizuri nisaidieni, nikikosea nirekebisheni. Huyo kaingia ndani ya mkataba mwenyewe, mtawala wa Hobbes kabaki nje.

Sasa alienifanya niandike haya yote ni mwanafalsafa wa Kiskoti, David Hume. Mwaka 1748 alitoa insha fupi kuhusu huo mkataba wa asili, akawauliza wenzake, uko wapi? Karibu serikali zote tunazozijua, anasema, zilianza kwa kutekwa nchi au kunyang'anywa madaraka. Locke alishajitetea kuwa mtu akiishi nchini, hata akitembea barabarani tu, keshakubali kimya kimya. Hume akamjibu kwa meli. Kumwambia mtu kakubali kwa vile anaendelea kuishi nchini ni sawa na kumwambia abiria kakubali kwa khiyari yake amri za nahodha, na hali alipakiwa melini akiwa usingizini, na akitaka kutoka hana pengine isipokuwa ajitose baharini afe. Na fukara asiejua lugha ya kigeni, anaekula kwa kibarua cha siku hio hio, atahama kwenda wapi?

Mtu wa kisiwani ukiisoma hio inakuingia mpaka kwenye mfupa.

Hume mwenyewe hakuhitimisha kuwa watu waasi, yeye aliona mazoea na faida ya utulivu vinatosha kutufanya tutii. Hapo ndo tunapoachana njia. Kama abiria kaamkia ndani ya meli, basi si aulizwe sasa keshaamka?

Na inawezekana, mana wenyewe tunafanya. Angalia vijiji vya pwani vinavofunga mwamba wa pweza, kama Kisiwa Panza kule kusini ya Pemba. Wanakaa, wanabishana, wanakubaliana mwamba ufungwe kiasi cha miezi mitatu, wanachagua wenzao wa kulinda, ikifika siku wanafungua na wote wanashuka na pweza kakua. Hobbes ana haki yake pale, bila ya walinzi wangevamia watu usiku. Lakini mlinzi akiiba anajulikana ni mtoto wa nani, na msimu ukisha wanakaa tena kuamua wafunge au wasifunge.

Na kwa nchi nzima tulishafanya mara moja. Novemba 2009 Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka katiba ya 1984 ibadilishwe ili kuwe na serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 wakasema ndio. Thuluthi moja walikataa, na hakuna aliewafanya maadui. Yaliofuata 2015, uchaguzi kufutwa na kurudiwa Machi 2016, yaliumiza, lakini lile suala la 2010 liliulizwa na jibu lake liko kwenye katiba.

Muungano haukuulizwa hivo. Mkataba ulitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, ukaanza tarehe 26, bila ya kura ya maoni upande wowote, na wengi wetu tulio hai leo tumezaliwa baada ya hapo. Siandiki haya kwa kutaka uvunjike, nina ndugu Tanga na Dar na sina hamu ya kukatwa nao. Nataka tuulizwe. Thomas Jefferson, mmoja wa waasisi wa Marekani, Septemba 1789 alimuandikia rafiki yake na muasisi mwenzake Madison kuwa dunia ni ya walio hai, akapiga hesabu ya umri wa watu akaona katiba na sheria zote ziishe muda wake kila miaka 19. Madison akamjibu kuwa hio italeta vurugu, nchi itabaki inaning'inia kila muda ukikaribia kuisha, na walio hai wanakula matunda ya kazi za waliokufa kwa hio wana deni kwao. Jibu zito hilo, nimelifikiria sana, na nakubali kila kitu kisife chenyewe. Lakini kuuliza hakuui kitu, 2010 tuliulizwa na Oktoba yake tukapiga kura ya uchaguzi kwa utulivu ambao hatukuwa tumeuzoea. Kwa hesabu ya Jefferson, kuhusu 1964 tungekuwa tushaulizwa 1983, 2002 na 2021, na mara inayofuata ni 2040.