Wewe utauliza maswali

Leo sitaandika habari za posa, ingawa najua ndizo mnazozingoja. Barua ya mdogo wangu imepokelewa, wazee wamekula wakashiba, ya mahari mtayasikia. Wathibiti ubora nao wamekuja shuleni, wamekagua, wameondoka. Mimi nimebaki na kitu cha Jumanne, chumba cha walimu, saa nne, wakati wa chai.

Mama Mapacha alikuwa anakunja karatasi aitie kwenye daftari la maandalio. Nikaiona nembo ya SACCOS yetu, chama chetu cha akiba na mikopo.

"Fomu ya nini hiyo, shoga?"

"Ya mkopo. Nataka kupaua."

"Hongera! Wadhamini umepata?"

"Nimepata. Mwalimu wa Sayansi na yule wa Awali."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Aa, wewe utauliza maswali."

Akaendelea na muhogo wake. Kidole chenye mafuta kikaacha doa pembeni mwa fomu, akalifuta kwa kiganja, likatanuka. Hata hakuniangalia. Angesema kwa kisirani ningejua pa kushika. Alisema kama mtu anayekutajia kwamba leo Jumanne.

Mnaojua habari zetu mnajua huyu ni nani kwangu. Mapacha walipozaliwa kabla ya siku zao, aliyelala naye wodini ni mimi. Kiwanja chenyewe cha Kihonda tulikwenda kukiona pamoja, mishikaki kwenye bodaboda moja, vumbi mpaka kwenye nyusi. Leo nyumba imefika kwenye lenta, fundi ameshampigia hesabu ya mbao na bati za geji 28, na mimi napata habari kwa kuchungulia nembo. Usiku nimekuwa nikiigeuzageuza ile kauli. Labda alikuwa na haraka. Labda ananihurumia, maana anajua Bodi ya Mikopo inavyonikata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kwa deni la chuo. Au ananiona mchoyo. Nikifika hapo usingizi unakata.

Nikampigia mama, Kilosa. "Mwanangu, hujaombwa udhamini na unalia? Piga magoti ushukuru. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mengine mwachie Mungu." Baba watoto yeye alicheka hadi akapaliwa na chai. Hakuna aliyenielewa. Najua udhamini si mchezo: chama chetu kinakopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na aliyesaini akiba yake inashikiliwa mpaka deni lishuke. Mkopaji akiyumba, wanakugeukia wewe. Lakini mimi sikuwa nagombea kusaini. Nilitaka niombwe, halafu nione.

Basi nilikuwa nimenuna zangu vizuri tu, salamu fupifupi, mpaka jana jioni. Nasahihisha madaftari chini ya mwembe, Mwalimu wa Sayansi kanifuata, kaangaza kushoto, kaangaza kulia.

"Dada, fomu bado ninayo, sijasaini. Wewe ndiye rafiki yake. Atalipa?"

Kinyongo chote kikaniruka, nikataka kucheka. Mtu kanikwepa kwa sababu ya maswali, na maswali yamenifuata yenyewe hadi mwembeni! Ila kicheko hakikukaa. Mweka hazina wa kikoba chetu ni mimi. Daftari la marejesho liko kabatini kwangu, na ya Mama Mapacha ya mwaka huu nayajua mstari kwa mstari. Hulipa, ila kwa kusukumwa. Nikimwambia hivyo huyu kijana, nimetoa siri ya kikoba na nimeezua nyumba ya mtu kabla haijaezekwa. Nikisema "saini tu", nimemdhamini Mama Mapacha kwa akiba ya mtu mwingine, tena kijana wa ajira mpya ambaye akiba yake ndiyo hiyo tu na hana ubavu wa kumkatalia mkubwa wake.

Nikamwambia, "Mwombe akuoneshe hati yake ya mshahara, uone anakatwa nini na kinabaki nini. Ni haki yako."

"Nitamwombaje dada mkubwa vile?"

Akaondoka na fomu yake. Inatakiwa ofisini Jumatatu.

Sasa nishaurini. Nimwendee Mama Mapacha nimwambie kijana anaogopa? Ataniuliza nimejuaje, na hapo ndipo atakapoona kweli mimi ni mtu wa maswali, tena ya pembeni. Nimwite kijana nimwambie akatae? Ninyamaze, halafu wakianza kumkata mshahara nimtazame usoni kila asubuhi? Naombeni mawazo ya watu waliowahi kukopa au kudhamini, na tafadhali msiniambie nimwachie Mungu, hilo mama ameshalisema.

Halafu baba mwenye nyumba kapita leo asubuhi. Kodi yetu ya miezi sita inaisha mwezi ujao na hakuitaja kabisa. Kaulizia tu kama tunalitumia lile dirisha la sebuleni, akapiga hatua kutoka ukutani hadi mlangoni huku anahesabu kwa midomo, akaaga. Wapangaji wenzangu, hii ina maana gani?