Shimo Nyuma ya Zizi

Harufu ilianza siku ya tisa. Kabla ya hapo mama alikuwa akinitania, "Huyo maiti wako anaendeleaje?" nami namjibu kwamba bado, avumilie. Siku ya tisa hakutania. Alinipigia simu asubuhi na mapema, niko soko la Mbuyuni nachagua nyanya, akasema, "Mwanangu, njoo ufukue kitu chako. Majirani wameanza kuja kunipa pole."

Kitu chenyewe kilikuwa mgomba. Nilikata mashina matatu kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, huko Uru, nikayakwangua mpaka mikono ikawa myeusi kwa utomvu, nikayafukia nyuma ya zizi la ng'ombe kwenye shimo la kufika kiunoni. Mtu mzima, mpishi wa miaka kumi na minne, mwenye mgahawa wake Moshi mjini.

Nina ugonjwa wa safari. Wenzangu wakipata pesa wananunua kiwanja Njia Panda. Mimi nanunua tiketi. Na nikifika ugenini sina habari na majengo wala makumbusho. Naulizia soko liko wapi na nani anapika vizuri kwake nyumbani. Mwishoni mwa Septemba 2019 ugonjwa huo ulinipeleka Ethiopia. Kuna Mgurage mmoja, mtu wa kabila la Gurage la huko, tuliwahi kupika naye jiko moja Arusha, akarudi kwao, na kila mwaka alikuwa akinisumbua: njoo Meskel, sikukuu yetu ya Msalaba, njoo uone watu wanavyokula. Kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Addis Ababa si safari ya kuogopesha, unakula chakula cha ndegeni, unasinzia kidogo, umefika. Huko nikakuta kalenda yao ndiyo kwanza imeingia 2012, nikafurahi kupunguziwa umri bila gharama.

Jioni akaniandikia kwamba kesho tunaondoka saa mbili. Nikamuuliza, saa mbili ya wapi? Akacheka. Wahabeshi nao huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama sisi. Nilizunguka nchi za watu nikieleza habari hii ya saa hadi nikachoka, na hapa kuna watu ambao hawahitaji kuelezwa.

Kilichonishangaza zaidi ni barabara. Magari yamejaa, juu yamefungwa mizigo, watu wamevaa nguo mpya, wote wanaelekea Gurage. Hao ni wafanyabiashara wa Addis wanaorudi kijijini kula sikukuu na wazazi. Mchagga yeyote aliyewahi kukwama Segera, njiani kutoka Dar kwenda Moshi, tarehe 23 Desemba angejiona yuko kwao. Nilimwambia rafiki yangu, "Kumbe ninyi ndio Wachagga wa huku." Akasema, "Hapana, ninyi ndio Wagurage wa Tanzania."

Tulipofika, nyumba ilikuwa imezungukwa na migomba. Nikajisemea, leo nitakula ndizi kwa Wahabeshi. Nikatazama juu kutafuta mkungu, sikuuona. Nikahamia mgomba wa pili, wa tatu, hakuna kitu. Mashina yake yalikuwa manene kuliko yetu, majani yamesimama wima kana kwamba yanaomba mvua. Mama wa rafiki yangu akaniona ninavyohangaika, akasema jambo, watu wakacheka. Nikatafsiriwa: mwambieni mgeni huku tunda haliliwi, tunakula mti.

Mmea huo wanauita enset. Ni ndugu wa mgomba, lakini ndizi zake zimejaa mbegu ngumu, hazifai kwa kitu. Chakula kimo kwenye shina na kwenye kitunguu chake cha chini ardhini. Siku iliyofuata yule mama alinionyesha kazi. Aliegemeza ubao, akalaza gamba la shina juu yake, akalibana kwa kisigino, akaanza kukwangua kwa kipande cha mwanzi kuelekea chini. Nyuzi zikabaki ubaoni, uji mweupe ukawa unashuka kwenye majani aliyotandika. Alikuwa mama mzito kidogo, wa umri wa mama yangu, na mguu wake ule haukutetemeka. Mimi nilijaribu, nikateleza mara mbili, watoto wakapata sinema.

Uji ule hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya enset, ukafunikwa, ukawekewa mawe, ukaachwa uchache kwa wiki nyingi, hata miezi. Wakiufukua wanaukamua, wanaukata nyuzi, wanaupanga kati ya majani na kuuoka juu ya kikaango cha udongo. Huo ndio mkate wa kocho. Ni mchachu, unatafunika, una harufu ya jani lililoungua. Tuliula na kitfo, yaani nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwakatwa ikalainika kabisa, ikachanganywa na pilipili na samli yenye viungo. Msomaji anayekunja uso akumbuke kwamba sisi wenyewe tunakunywa kisusio, damu na utumbo, na hatumwombi mtu radhi.

Nilikula mpaka nikaona aibu. Na kati ya tonge na tonge nilikuwa nikipiga hesabu: migomba ya Kilimanjaro, mashina yote yale tunayowakatia ng'ombe kila siku! Huo ndio ubaya wa mpishi kusafiri. Anakula sahani ya mtu huku tayari ameshaipangia bei kwenye menyu yake.

Basi ndiyo hivyo nikaja kuchimba shimo kwa mama. Nilipofika siku ile ya tisa nilimkuta kaka yangu ameshika jembe, pua ameifunga kwa shati. Kabla sijashuka kwenye bodaboda alichuma jani la isale mpakani, akanipa. "Anza na hili. Kampe mama." Kwa asiyejua, isale kwetu ndilo la kuombea msamaha, ukipelekewa, hukatai. Mama alilipokea, akaliweka dirishani, halafu akaniambia niende nikafukue.

Sitaeleza sana kilichokuwemo. Kilikuwa kijivu, chepesi, kinanyumbuka kama kamba zilizolowa, na maji mengi ajabu. Hapakuwa na unga hata wa kujaza kikombe. Nilimchotea ng'ombe kidogo. Alinusa, akapiga chafya, akageuza shingo.

"Mashina hayo uliyakata wapi?" mama akauliza.

"Pale chini, yale tuliyokata mikungu."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi shule bila sweta. "Mgomba ukishazaa una nini tena? Nguvu yote ilikwenda kwenye ndizi. Wewe umezika maji."

Nilimpigia rafiki yangu Ethiopia, akampa mama yake simu. Swali lake lilikuwa moja: mmea ulikuwa na miaka mingapi? Sikujua, labda mwaka na kitu. Nilisikia kicheko hata kabla ya tafsiri. Enset huachwa miaka minne, mitano, hata zaidi, ukijiwekea akiba shinani, na hukatwa kabla haujamaliza akiba hiyo kwenye ua na tunda. Hayo yote yalikuwa mbele ya macho yangu kule Gurage, lakini mimi nilikuwa nimekodolea mwanzi na shimo.

Kwenye mgahawa kilichobaki ni kidogo. Samli nimeanza kuichemshia iliki, uwatu na binzari, nakuja kuimwagia juu ya kiburu, ndizi zetu zilizopikwa na maharage. Na maharage yaliyopondwa na mshare, ndizi ya kupika, nayaoka ndani ya majani ya mgomba juu ya kikaango cha udongo mpaka jani liungue. Kocho sijaipika na sina mpango.

Shimo mama alinikataza kulifukia. Alilitupia samadi, akaliacha hadi mvua za masika za 2020, akapanda chipukizi la mshare humo. Sikulifuatilia, nilikuwa na mambo yangu. Mgahawa mwaka ule ulikuwa hauna wageni. Mwaka uliofuata, siku moja niko jikoni, simu ikaita.

"Chukua panga uje," mama akasema. "Mhabeshi amezaa, na mkungu siuwezi peke yangu."