Wapishi wa Desemba hutafutwa Agosti

Bosi akiniambia katikati ya Desemba nimtafutie wapishi, huwa nacheka kimoyomoyo. Wazuri washachukuliwa na hoteli za Diani zamani! Hapa hotelini kwetu Nyali, Mombasa, hesabu ya wafanyakazi naianza Agosti: nani anastaafu, nani ataenda likizo ya uzazi (kisheria ni miezi 3), nani anaweza kushika jiko mpishi mkuu akiugua. Na vibarua je? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mwezi mzima mfululizo, ahesabiwe kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Mhasibu wetu hapendi kulisikia hilo. Mei, mvua za masika zikimwagika na vyumba vitupu, wenzangu hutaka kupunguza watu. Mimi hutaka wahudumu wapelekwe jikoni wakajifunze.